Taa Juu ya Shavu la Ado

Siku ya mnada Isiolo, mtu mwenye akili huacha nguo nzuri nyumbani. Elema Jarso hakuwa na akili ya namna hiyo. Alikuja sokoni na suruali pana miguuni, mtindo ambao Nairobi ulikuwa umeshazikwa na kusahauliwa, shati jekundu lenye kola kubwa, na viatu vya soli nene vilivyozama kwenye mavi ya ng'ombe. Shingoni alining'iniza kamera. Mwaka ule wa 1983 hakuna mpiga picha aliyetajwa mjini kama yeye, naye alijua kwamba anatajwa.

Alikuwa anampiga picha tajiri mmoja aliyetaka kuonekana na fahali wake mpya. Alirudi nyuma, akachuchumaa, akafumba jicho moja, akabonyeza. Papo hapo sauti ya mwanamke ikamjia kutoka upande wa wauza maziwa.

"Wee kijana wa suruali kubwa! Hiyo kamera umenilenga mimi ya nini?"

Elema akageuka. Aliyesema alikuwa msichana mrefu, mwembamba, leso ya manjano kiunoni, na shali ya kijani ameivuta mpaka imefunika shavu lote la kushoto. Yaliyobaki wazi yalikuwa macho makubwa, pua iliyonyooka, na hasira.

"Dada, mimi nilikuwa napiga hii fahali."

"Fahali iko huko na mimi niko hapa. Jicho yako iko na shida?"

"Imepata shida sasa hivi tu. Asubuhi ilikuwa mzima."

Wauza maziwa wakacheka. Msichana hakucheka. Aliweka chini dumu lake la maziwa ya ngamia, akaja akasimama mbele yake.

"Toa picha yangu huko ndani."

"Haitoki moja. Filamu ni moja, wote mko ndani. Tajiri, fahali na wewe."

"Basi watoke wote."

Sasa tazama mambo ya mwanamume. Elema alifungua mgongo wa kamera pale pale juani, akaivuta filamu yote nje ikaning'inia kama utumbo wa mbuzi. Kazi ya asubuhi nzima ikafa. Tajiri alipiga kelele mpaka fahali akashtuka na kumkanyaga mtu.

"Imetoka," Elema akasema. "Sasa niambie jina, nijue nani ameniharibia kazi."

Msichana aliitazama ile filamu, akamtazama yeye, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka ndani ya shali.

"Ado," akasema. "Na wewe ni mwenda wazimu."

Wazimu hasa wa Elema ulikuwa huu, na heri tuuseme mapema: hakuweza kumnyima mtu sura aliyoitaka. Studio yake, karibu na msikiti, ilijaa watu kwa sababu hiyo. Alikuwa na penseli laini na kisu chembamba, na kwa hivyo viwili aliketi dirishani akiinamia filamu, akifuta makovu, alama za ndui, mikunjo ya uzee, hata pengo la jino. Watu waliingia wakisema, "Nitoe hii alama," kama wanavyomwambia kinyozi apunguze nywele. Ilikuwa ada ya kazi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudisha picha akilalamika kwamba amefanywa mzuri kupita kiasi.

Basi akaanza kununua maziwa ya ngamia, ambayo tumbo lake halikuyapenda hata kidogo. Kila asubuhi alifika kwenye kivuli cha wauza maziwa, akamsalimu kwanza Mama Batula, mamake Ado, kama inavyopasa.

"Salaam aleikum, Mama."

"Aleikum salaam. Tumbo yako bado haijachoka?"

"Maziwa yako ni dawa, Mama."

"Dawa ya nini? Ya macho? Maana naona unakunywa ukiangalia huku."

Ado aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Miezi ikapita hivyo. Wakaanza kutembea pamoja jioni, wakipita maduka ya nguo mpaka karibu na mto, naye Ado kila mara alimtaka Elema awe upande wake wa kulia. Alimwita Bwana Fahali. Elema alimwita sukari, moyo wangu, na majina mengine ambayo mwanamume huyakumbuka baadaye akaona haya.

"Kwa nini hutaki nikupige hata picha moja?" alimuuliza siku moja. "Napiga kila mtu mtaani Bulla Pesa, hata wale wabaya."

"Mimi nitakuvunjia kamera."

"Kwa uzuri?"

"Tembea, Bwana Fahali."

Lakini upepo wa Isiolo hauna adabu. Walikuwa wanavuka barabara kuu, vumbi likaja la kupofusha, likainyakua ile shali na kuitupa mabegani. Ado akaachia kikapu, akaikamata kwa mikono miwili, lakini alikuwa amechelewa. Elema aliona. Taya la kushoto lilikuwa limevimba, gumu, la kung'aa, ukubwa wa ndimu, na juu yake makovu mawili ya duara.

Alisimama katikati ya barabara, lori likimpigia honi.

"Sasa umeona," Ado akasema. "Enda."

"Siendi."

"Enda, Elema. Ukikaa utaanza kunihurumia, na hiyo mimi sitaki."

"Hiyo makovu ni ya nini?"

"Ilianza kama jino. Jino ikang'olewa, uvimbe ikabaki. Mzee mmoja akanichoma na chuma moto mara mbili, akasema itakufa." Sauti yake ilikuwa kavu. "Haikufa."

Elema akamshika mkono mbele ya barabara nzima, jambo ambalo lilizungumzwa kwenye maduka kwa siku nyingi. Kesho yake akaenda naye hospitalini, Mama Batula akitangulia mbele.

Daktari Jasper alikuwa Mmeru, mpasuaji aliyeteremka kutoka milimani mara moja kwa mwezi kuona wagonjwa wa Isiolo. Mtu mfupi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimkagua Ado kwa vidole, akampiga picha ya mifupa, akakata kipande kidogo cha nyama kikapelekwa kupimwa. Mwezi uliofuata aliwaketisha wote watatu na kusema bila kuzunguka.

"Ni kansa ya taya. Inakula mfupa. Ikitolewa mapema, ataishi. Ikiachwa, itapanda huku kwa fuvu, na hapo hakuna daktari."

Mama Batula akasema neno la Kiborana, taratibu.

"Upasuaji kama huo unafanywa hospitali kubwa," Daktari akaendelea. "Vitanda ni vichache, na wakubwa wanaochagua nani atangulie hawatafika hapa. Picha ya mifupa ya mashine yetu ina ukungu, mnaona? Kwa hivyo wanataka na picha za uso, mbele na ubavuni. Nitazibeba mimi mwenyewe."

"Picha ni kazi yangu," Elema akasema.

Alimpiga picha studioni, pazia limefungwa, shali imekunjwa gotini. Ado aliketi wima kwenye kiti cha maharusi. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Wanaume wangapi wataniona hivi, Elema?"

"Ni madaktari."

"Ni wanaume."

Akaenda zake, na Elema akabaki na filamu. Aliiosha, akaikausha, akaketi dirishani. Penseli ilikuwa pale ilipokuwa siku zote. Akajiambia kwamba ugonjwa uko kwenye picha ya mifupa. Hii ya uso ni ya kumtambua mtu tu, kama ya kitambulisho. Akajiambia kwamba anamfichia Ado aibu. Akagusa kidogo chini ya sikio, kisha kidogo kwenye pembe ya taya, na mkono uliozoea ukaendelea wenyewe. Alipoinua kichwa, ndimu ilikuwa imekuwa punje ya mahindi, na Ado alikuwa mzuri kama alivyokuwa akimwota. Akatia picha kwenye bahasha, akaifunga, na Daktari akaibeba hivyo hivyo bila kuifungua.

Jibu lililotoka hospitali kubwa lilikuwa fupi: uvimbe ni mdogo, wako wengine wenye hali mbaya zaidi, mgonjwa asubiri mpaka baada ya mvua za masika.

Wakasubiri. Ado akaanza kushindwa kutafuna nyama, kisha akashindwa kutafuna chochote. Maneno yakaanza kutoka kwa shida, kama ya mtu mwenye mawe mdomoni. Daktari Jasper naye alikuwa amepelekwa kazi nyingine, hakuonekana. Na Elema, ambaye kila siku alipeleka supu nyumbani kwao, hakuunganisha jambo moja na jingine. Au labda aliunganisha, akaogopa kulitazama. Mtu akitaka kutojua, hajui.

Mvua zilipokatika Daktari akarudi, na faili ya Ado iliyorudishwa na hospitali kubwa. Ado aliingia, akateremsha shali, na Daktari akasimama kitini.

"Huyu si yule wa kwenye picha," akasema.

Alitafuta ndani ya faili, akaitoa ile picha ya ubavuni, akaishika karibu na shavu la Ado, akitazama huku na huku.

"Miezi mitano haiwezi kufanya hivi. Nani alipiga hii?"

Elema alikuwa amesimama mlangoni. Kila mtu alikuwa anamwangalia.

"Nilipunguza kidogo," alisema. "Tunapunguza. Kila mtu tunampunguzia."

Daktari Jasper hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Bwana Elema, hii kidogo yako ndiyo iliyompeleka nyuma ya foleni."

Ado aliichukua ile picha mkononi mwa daktari. Hakuwa ameiona. Aliitazama sana, yule msichana mwenye shavu laini, shingo ndefu, asiye na ugonjwa.

"Huyu nani?" akauliza kwa ile sauti yake ya mawe.

"Ado—"

"Huyu ndiye ulikuwa unatembea na yeye jioni? Mimi nilidhani ni mimi."

"Nilitaka kukufichia aibu."

"Yangu ama yako?"

Jibu lilikuwepo, na Elema alilijua. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akiharakisha wakipita baraza la vijana wenzake. Alikumbuka furaha yake ya siri kwamba shali inavutwa upande ule. Alimpenda Ado, hilo halina ubishi. Lakini uso wake aliuonea haya, na penseli ilikuwa imesema alichokificha moyoni.

Nje, chini ya jua kali, Mama Batula alimzuia kwa kiganja.

"Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtoto yangu alificha na shali, nikasema ni mtoto. Wewe ulificha na penseli. Wewe ni mtu mzima, Elema. Usikuje kwangu tena."

Hakwenda. Alifunga studio. Watu waligonga mlango wakitaka picha za harusi, wakaambiwa mpiga picha anaumwa, na haikuwa uongo. Hakuweza kula. Akimwona mtu yeyote barabarani mwenye shali ya kijani, aligeukia ukutani kama mwizi.

Daktari Jasper mwenyewe ndiye aliyekuja kugonga. Alikuwa na vumbi mabegani, na hakukubali kuketi.

"Habari. Sitakaa. Foleni ya hospitali kubwa hatutaifikia, kwa hivyo nimemlaza Ado kwetu huko milimani, hospitali ya misheni. Nitampasua mimi. Mashine ya mifupa ya huko ni nzuri, lakini shida ni hii: picha iko ukutani na mgonjwa yuko mezani. Natazama huku, nakata kule. Nikikata kidogo, kansa inabaki. Nikikata sana, hatakula wala kusema maisha yake yote."

"Mimi nifanye nini, Daktari?"

"Wewe ulikuwa unaonyesha matangazo ya sabuni kwa ukuta, kabla ya sinema."

"Ndiyo. Projekta ninayo."

"Nataka picha ya mfupa wake iwe slaidi. Nataka uimulike juu ya shavu lake, ukubwa sawasawa na taya lake, ili nione mfupa mahali ulipo, kama ngozi ni kioo. Halafu nichore na wino pale pa kukata. Sijawahi kuona ikifanywa. Lakini nimefikiria sana, na sioni kwa nini isiwezekane." Aliirekebisha miwani yake. "Swali langu ni moja. Nikikupa picha ya mfupa, utaitia penseli?"

Elema alitazama viatu vyake.

"La, Daktari."

"Ado hajakubali bado. Akikubali, atapiga simu mwenyewe."

Simu ya karibu ilikuwa kwa Shuriye, muuza nguo wa ng'ambo ya barabara, mtu aliyejua mambo ya mji mzima kwa sababu mji mzima uliongelea dukani mwake. Elema alishinda pale siku nzima akijifanya anachagua kitambaa. Adhuhuri ilipopita, kengele ikalia, na Shuriye akaruka.

"Haloo? Haloo! Ndiyo, yuko! Elema, kuja haraka, ni mwanamke, na hana furaha!"

Elema akaikamata.

"Ado? Moyo wangu—"

"Wacha mambo ya moyo. Moyo niliacha Isiolo. Hapa nimekuja na taya peke yake."

Maneno yalitoka moja moja, mazito, na kila moja lilimchoma.

"Nakusikia," akasema.

"Hiyo mashine yako ya ukuta. Daktari hawezi kuendesha yeye mwenyewe?"

"Ni ya zamani. Taa yake inataka kubembelezwa."

"Kama wewe."

"Kama mimi."

Shuriye alikuwa ameacha kabisa kupima kitambaa.

"Kuja basi," Ado akasema. "Lakini utakuja kama fundi. Sio kama mtu wangu. Hutaniita sukari. Hutaniambia niko sawa. Na ukidanganya tena, Elema, hata kidogo ya sindano, nitaamka kwa hiyo meza niende nyumbani, nikufe na uso yangu."

"Sitadanganya."

"Tutaona."

Simu ikakatika. Shuriye akakohoa.

"Amesema nini?"

"Si umesikia yote?"

"Nimesikia yako tu," Shuriye alisema kwa huzuni ya kweli. "Yake ilikuwa inafika kidogo kidogo."

Kule milimani kulikuwa na ukungu na baridi, na wauguzi waliovaa sweta za buluu juu ya sare. Daktari alibandika vipande vitatu vidogo vya madini ya risasi kwenye uso wa Ado kwa plasta: kimoja chini ya sikio, kimoja kando ya jicho, kimoja kidevuni. Akampiga picha ya mifupa navyo, kisha akavibandua na kutia nukta ya dawa ya zambarau mahali pa kila kimoja. Kwenye picha, zile risasi zilionekana kama nukta tatu nyeupe. Nukta za picha zikilala juu ya nukta za ngozi, zote tatu kwa pamoja, mfupa wa picha umelala juu ya mfupa wa kweli.

Elema alitengeneza slaidi. Hakuigusa ila pembeni.

Asubuhi ya upasuaji walifunga mapazia ya chumba cha pembeni. Ado alikuwa amelalishwa ubavu kwenye meza, kitambaa cha kijani kimefunika nywele, shavu lote wazi. Uvimbe sasa ulikuwa umeshika nusu ya uso. Hakuna shali, hakuna kiza cha jioni cha kumsaidia. Alifumba macho Elema alipoingia, naye Elema akaona aibu yake, akatamani ardhi ipasuke immeze. Lakini kazi aliyoitiwa ilikuwa kumtazama, na akamtazama.

Aliiweka projekta juu ya kigoda, akawasha. Mwanga ukamwangukia Ado, na juu ya shavu lake ukatokea mfupa: meno, pembe ya taya, na katikati kivuli pale mfupa ulipoliwa. Muuguzi mmoja akajifanyia ishara ya msalaba. Elema akasogeza mashine nyuma, akaivuta mbele, akaweka vitabu chini yake, akatoa kimoja. Nukta ya sikio ikakaa. Nukta ya jicho ikakaa.

"Zimekaa?" Daktari akauliza, kalamu ya wino mkononi. Chumba cha upasuaji kilikuwa tayari na mtu wa dawa ya usingizi alikuwa anangoja.

Ya kidevuni ilikuwa nje kwa upana wa kidole. Elema alijua dawa yake. Akiinamisha projekta kidogo tu, picha ingevutika, nukta ingesogea, na kila mtu angefurahi. Mfupa ungekuwa umepinda, lakini nani angejua? Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kigoda.

"Hazijakaa," akasema.

"Naona kama zimekaribia."

"Zimekaribia, Daktari, lakini si kweli. Nipe nafasi." Akainama karibu na shavu. "Siku ya picha ya mfupa alilaza kichwa namna nyingine. Leo amekificha kidevu. Ado. Inua kidevu."

Ado alifungua macho. Kuinua kidevu kulikuwa kuutoa uvimbe wote nje, mbele ya taa, mbele yake. Alikaa hivyo kwa muda, akipumua. Kisha akainua, polepole, na nukta ya tatu ikatembea juu ya ngozi mpaka ikaingia ndani ya nukta ya zambarau.

"Sasa," Elema akasema.

Daktari Jasper akainama. Kivuli cha ugonjwa hakikuishia pale uvimbe ulipoishia. Kilikuwa kimetambaa ndani ya mfupa, kikapanda kuelekea sikio, mahali ambapo ngozi kwa nje ilikuwa laini na nzima. Alichora mstari wa kwanza, akachora wa pili mbali nao, na hata asiyesomea udaktari aliona kwamba kati ya mistari ile kulikuwa na sehemu kubwa ya uso wa mtu.

"Elema," Ado akasema kutoka chini ya mwanga. "Imefika wapi?"

Elema akamtazama Daktari. Daktari akatikisa kichwa kukubali.

"Imepanda mpaka karibu na sikio."

"Na ni nini kitatoka?"

"Kutoka hapa karibu na kidevu mpaka huko juu. Ni kubwa, Ado. Shavu litaingia ndani. Mdomo utavutwa upande. Sitakuambia uko sawa."

Chozi likamtoka jicho la juu, likapita juu ya pua, likang'aa ndani ya picha ya mfupa.

"Asante," akasema. "Kata, Daktari."

Mama Batula na Elema walikaa nje kwenye benchi moja, kila mtu kwenye ncha yake, mchana ukapita. Daktari alipotoka, miwani imejaa ukungu, alisema ugonjwa ulikuwa pale pale taa ilipoonyesha, na kwamba kwa macho yake hakuacha kitu. Mama Batula alijifunika uso akalia. Elema alienda nyuma ya jengo, akalia huko peke yake, kwa sababu hakuona kwamba ana haki ya kulia mbele ya mama huyo.

Siku bandeji zilipotolewa, aliruhusiwa kusimama mlangoni mwa wodi. Ado aligeuza kichwa. Elema aliona, na kabla hajajizuia, macho yake yakakimbilia dirishani.

Alirudi siku ya pili. Mama Batula alikuwa kando ya kitanda na kikombe cha uji. Alimtazama Elema tangu viatu mpaka kichwa, kisha akainuka na kumwekea kikombe mkononi.

"Mnyweshe wewe. Mimi naenda kuswali."

Elema akaketi. Kioo cha ukutani kilikuwa kimegeuzwa nyuma. Ado mwenyewe ndiye aliyeomba kigeuzwe.

"Nesi wanasema niko mzuri," Ado alisema. Maneno yalikuwa mapya, ya upande mmoja, lakini mawe yalikuwa yametoka. "Mama anasema niko mzuri. Wewe niambie vile niko."

"Ado..."

"Ulisema hutadanganya."

Elema akaweka kikombe magotini, akamtazama, akaanza kama mtu anayesoma.

"Upande wa kushoto umeingia ndani. Kovu linatoka nyuma ya sikio, linashuka mpaka chini ya kidevu, bado jekundu. Mdomo umevutwa chini. Jicho moja linafunga polepole kuliko lingine. Ukiongea, upande mmoja unaongea, mwingine unangoja."

"Ni mbaya?"

"Ni mbaya."

Ado akavuta blanketi. "Jana uligeuka."

"Niligeuka. Niliona haya. Usiku wote nimejitukana."

"Na leo?"

"Leo pia naona haya. Lakini ni yangu mimi, si ya uso wako. Naona haya kwamba umekaa miezi yote ile ukingoja kufa kwa sababu ya mkono wangu." Akakikaza kikombe magotini. "Nataka kukuoa. Nitatuma wazee kwa mjomba wako, abuya yako, wakikataa nitawatuma tena. Ukikataa wewe, nitaelewa. Kila siku ukiniuliza vile uko, nitakuambia vile uko."

"Hiyo ni posa ama ni tisho?"

"Sijui. Chukua unayotaka."

Akamwinulia kikombe, naye Ado akapiga funda, kisha akataka kucheka. Kicheko kikainuka upande wa kulia peke yake, kikapinda, na uji aliokuwa bado hajaumeza ukamtoka kwenye kona ya mdomo, ukateremka kidevuni mpaka shingoni. Mkono wake ukaruka kujifunika kama zamani. Kisha ukasimama njiani, ukarudi polepole kwenye blanketi.

Uji uliendelea kuteremka. Elema alikuwa amekaa, kikombe magotini, macho yake usoni pake, hajui kama ameruhusiwa kumgusa.

"Nipanguse, basi," Ado akasema. "Mume gani wewe, unangoja nesi?"